Neno Tulilomfundisha Zaina

Kindu, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Amisi yu hai. Nimeanza na hilo hata kabla ya salamu, unisamehe, maana nimesikia kwamba mtu mmoja aliyetoka hapa kwa treni hadi Kibombo, kisha akapata lori, amefika huko Kasongo na kuwaambia watu mjukuu wako amezikwa. Hajazikwa. Muda huu ninaoandika yuko hapa mlangoni anaburuta kopo kwa kamba na kupiga kelele, na mimi simnyamazishi. Apige tu.

Sasa pokea salamu zangu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii ya alfajiri? Ile dawa niliyompa mama mkwe wa Asumani aje nayo, uliipata, au aliinywa yeye njiani? Mpunga wa bondeni umeshatoa masuke? Sisi huku tunaamka, tunakula tukipata, tunasali. Mimi mwenyewe nimekonda kidogo, lakini si ugonjwa. Ni mawazo.

Asumani mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole, na usiruke mahali. Nakujua. Ukifika pabaya unapunguza sauti na kusema "hapa anasalimia tu". Leo usifanye hivyo. Nataka Mama asikie yote, maana nina jambo la kumwuliza na hawezi kulijibu kama amesikia nusu.

Mama, jambo lenyewe si la Amisi. Ni la dada yake, Zaina. Naogopa kwamba mimi na baba yake tumemharibu mtoto, na sijui kama tumewahi kumrudisha au bado.

Unamjua Zaina. Ulipokuja hapa wakati najifungua Amisi ulisema mwenyewe kwamba mtoto huyu hawezi kuficha hata kikohozi. Ulifurahi. Ulisema amekufuata wewe, na mimi nikanyamaza kwa heshima. Nilimlea hivyo kwa makusudi, kama ulivyonilea: akivunja chungu aje aseme amevunja, sitampiga, akificha, hapo tutaonana. Na kazi za mikono nilimfundisha mapema. Ana miaka tisa, anapepeta mchele, anapika sombe ya majani ya muhogo, anajua mihogo michungu ikitiwa kijitoni unaibonyeza kwa kidole, na kidole kisipozama unaiacha iendelee kulala majini. Nilikuwa najisifu kwa majirani. Nilijiona mama kweli.

Basi ikaja Jumamosi ya salongo. Unajua huku mjini hakuna mchezo na hiyo kazi ya Jumamosi. Kila nyumba lazima itoke kufyeka majani na kufagia barabara, na mkubwa wa selile, yaani yule mtu wa Chama anayeangalia mtaa wetu, anapita mlango kwa mlango kuona nani amebaki ndani. Wetu anaitwa Kalonda. Si mtu mbaya kuliko wengine, ila anapenda kusikia sauti yake. Siku hiyo Baba Zaina alikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza, kazi ya pembeni ya useremala, kwa sababu mshahara wa bandarini ulikuwa haujatoka tena. Akaniambia nikiulizwa niseme ana homa. Nikasema sawa.

Kalonda akaja na daftari lake kwapani. Nikamwambia bwana wangu analala, mwili unamtetemeka. Nilisema vizuri, Mama, hata mimi nilianza kumwonea huruma. Kalonda alikuwa ameshageuka aende zake, kisha akamwona Zaina anafagia uwanja, akamwuliza kwa kumtania tu:

"Zaina, baba yako iko na homa kabisa?"

"Apana," mtoto akasema. "Baba halale. Iko kule nyuma, anapiga mulango randa."

Na akamwonyesha njia, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kumwonyesha mgeni njia.

Baba Zaina alilala kasho, yaani mahabusu, siku hiyo, na wiki nzima iliyofuata akawa anafyeka majani mbele ya ofisi ya Chama, watoto wa shule wakipita na kumwangalia. Bandarini wakamkata siku zote hizo. Mimi nilimfinya Zaina mkononi mpaka alama ikabaki, na nilipomfinya akaniangalia kwa mshangao ambao sijausahau. Hakulia. Alitaka tu kuelewa.

Baba yake aliporudi nyumbani hakumpiga. Aliketi naye kwenye mkeka, akaanza kumfundisha. Alikuwa anamfundisha kila jioni kabla ya magharibi, kwa upole, kama mtu anayefundisha sura fupi.

"Muntu akikuuliza kitu ya nyumba hii, jibu njo moja. Sijui. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jana tulikula nini?"

"Sombe."

"Apana! Jana tulikula nini?"

"Sijui."

"Aa, sasa uko na akili. Mama yako iko wapi?"

"Iko ha—. Sijui."

Mama, nilicheka. Nilikuwa nakoroga chungu na nikacheka. Zaina naye akacheka, ikawa mchezo. Kisha baba yake akamtega zaidi.

"Na mie baba yako nikikuuliza?"

"Weye nitakuambia."

"Apana, mwanangu. Ata mie. Watu ya Chama wanaweza kuwa wanasimama nyuma yangu, weye hauwaone."

Zaina akafikiri kidogo, akauliza, "Na Mama?"

"Ata Mama."

Nilitaka kusema kitu hapo. Nilifikiri, hapana, huku ni kuzidi. Lakini Baba Zaina alikuwa na malengelenge mikononi kwa panga la ofisi, na alikuwa ameaibishwa mbele ya mji mzima, nikaona nimwache aponye moyo wake. Nikaendelea na chungu changu.

Asumani, pumzika hapa kama Mama anataka maji.

Wiki iliyofuata mshahara ulikuwa umekatwa, kwa hiyo nilivuka ng'ambo ya mto kwa mtumbwi kwenda kulima mpunga wa mtu anilipe kwa mchele. Niliwaachia watoto viazi viwili vitamu na nikamwambia Zaina amwangalie mdogo wake. Niliporudi alasiri nilimkuta Amisi kalala barazani, ametapika, macho yamerudi nyuma, shingo haina nguvu. Nilipomwinua mikono yake ilianguka. Zaina alikuwa amekaa karibu yake na kumpepea kwa mfuniko.

"Amekula nini?" nikauliza.

"Sijui," Zaina akasema.

Sikuwa na nafasi ya kusikia lile neno. Nilimbeba Amisi nikakimbia naye hospitali, Zaina nyuma yangu, na njiani tukakutana na baba yao anatoka bandarini, akaja naye. Mganga wa zamu alikuwa kijana mpole, amevaa koti jeupe na kifuani amebandika ile picha ndogo ya Kiongozi, kama wanavyobandika watu wote wa serikali. Akamfungua Amisi jicho, akamnusa mdomo, akatugeukia.

"Huyu mutoto alikula kintu. Ni kintu gani? Nikijua, nitajua dawa. Nisipojua ninapapasa tu."

Mimi nikasema nilikuwa shambani. Baba yake akasema alikuwa kazini. Sote tukamwangalia Zaina.

"Sijui," akasema.

Mganga akainama mbele yake. "Mama mudogo, hakuna muntu atakupiga. Mudogo wako alikula nini?"

"Sijui."

Alisema kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya kwenye mkeka. Hapo ndipo nilipoisikia, Mama. Baba yake naye aliisikia. Alipiga magoti pale sakafuni mbele ya watu, akamshika mabega.

"Zaina, ile mambo imeisha. Baba njo anakuuliza sasa. Sema."

Mtoto akamtazama baba yake, kisha akatazama juu, nyuma ya baba yake, alikokuwa amesimama yule mganga na ile picha kifuani. Picha ileile anayoivaa Kalonda.

"Sijui," akasema, na akamwangalia baba yake kwa namna ya mtoto anayengoja kusifiwa.

Kwenye kitanda Amisi alikuwa anapumua kama mtu anayekoroma ndani ya maji. Mganga alikuwa ameshaanza kumshughulikia hivyohivyo, gizani. Baba Zaina aliinua mkono ampige, na mimi nikaudaka. Sijawahi kumshika bwana wangu mkono mbele ya watu. Nikamchukua Zaina nikatoka naye nje, tukazunguka ukuta mpaka nyuma kabisa, penye majani, mahali pasipo na mtu. Nikaketi chini mgongo wangu ukigusa ukuta. Sikumwuliza neno. Niliogopa kwamba nikiuliza, atanijibu lilelile.

Alinitazama. Akautazama ukuta nyuma yangu, akauona ni ukuta tu. Kisha akafungua fundo la kitambaa alichojifunga kiunoni, akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma, kimeungua upande mmoja, akakiweka mkononi mwangu.

"Nilikuchungia weye," akasema.

Alikuwa ameniwekea mimi nikirudi kutoka shambani. Nilikibonyeza, kidole hakikuzama. Nikakigusa kwa ulimi, uchungu mtupu. Na hapo ndipo maneno yakamtoka yote pamoja: kwamba Amisi alililia njaa, kwamba viazi havikutosha, kwamba walikwenda kijitoni na mihogo yetu ilikuwa imekwisha, ila ya Mama Feza ilikuwa imetiwa majini jana yake, wakachukua miwili, kwamba yeye alijua haijaiva ila alidhani moto utatoa uchungu, na kwamba hakula kwa sababu alimwachia mdogo wake fungu lake. Mama Feza, Mama, ni mke wa Kalonda. Mtoto alidhani akisema tumekula kitu cha nyumba ya Kalonda, baba yake anarudi kasho.

Nilikimbia ndani na kile kipande mkononi nikipiga kelele, "Ni mihogo! Mihogo ya Mama Feza!" Mganga akakishika, akakinusa, akamwita mwenzake, wakajua la kufanya. Walimsafisha tumbo, wakamdunga sindano, wakamtundikia maji. Kulipokucha Amisi alifungua macho na kuomba chai. Namshukuru Mungu kwa ile chai, nilimkorogea sukari ya kuazima mpaka kijiko kikasimama.

Ningependa barua iishie hapo. Haikuishia hapo.

Pale hospitali palikuwa na wanawake wa mtaa wetu waliokuja kuangalia wagonjwa wao. Walisikia nilivyopiga kelele. Mihogo ya Mama Feza! Hawakusikia kwamba watoto wameichukua bila ruhusa, maana sikusema hilo, nilisema lile lililonitoka. Kabla hatujarudi nyumbani mtaa ulikuwa umeshapata hadithi yake: mke wa Kalonda amempa mtoto wa bwana wangu Sefu muhogo wenye sumu kwa sababu ya ugomvi wa salongo.

Mama Feza anauza kwanga, ule mkate wa muhogo, sokoni karibu na bandari. Unakumbuka kwanga yake, uliila ulipokuwa hapa, ukasema ni laini hata asiye na meno ataimaliza. Wiki hiyo alirudi nyumbani na beseni lake limejaa vilevile. Kijitoni wanawake walihamisha vikapu vyao vya mihogo wakaviweka upande wa juu, wakamwachia yeye peke yake sehemu ya chini. Feza, binti yake, anayekaa dawati moja na Zaina, hakuna aliyetaka kucheza naye. Mwanamke mmoja mzee alisema wazi kwamba mtu wa namna hiyo hufukuzwa mtaani na beseni lake. Na mimi nilipita katikati ya maneno hayo nikiwa nimeshika mkono wa Amisi, watu wananipa pole, wananiletea mayai, na nikayapokea.

Nilimwambia Baba Zaina tuseme ukweli. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, hakuinua kichwa.

"Mie nimesema kintu? Sijasema. Wao njo wanasema."

"Lakini tunajua."

"Tunajua nini? Kalonda alinifyekesha majani mbele ya watoto. Sasa nyumba yake inanuka kidogo. Wacha inuke."

"Na wakimfukuza bibi yake?"

"Tukisema watoto yetu waliiba, njo mie nitarudi kasho. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo, Mama. Usinihukumu haraka. Bandarini wanatafuta watu wa kupunguza, na mtu aliyeingia kasho mara mbili hawamtafuti mbali. Nilijilaza usiku nikijiambia maneno ya watu hupita yenyewe, wiki ijayo watapata mwingine.

Lakini Zaina aliacha kuongea. Si kwamba alikuwa anasema "sijui". Alikuwa hasemi kabisa. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anatikisa kichwa. Mwalimu wake akanisimamisha njiani na kuniuliza kama mtoto anaumwa masikio. Nilimpikia wali na samaki, akala. Nilimsuka nywele, akakaa kimya mpaka mwisho. Na wakati wote alikuwa anatuangalia, mimi na baba yake, anapeleka macho kwake, anayaleta kwangu, kama anayengoja tuamue kitu. Niliogopa macho yale kuliko nilivyoogopa Kalonda. Nilijiuliza, huyu akikua atakuwa mtu gani? Mtu wa kusema lolote linalomfaa? Au mtu wa kukaa kimya jirani yake akichomewa nyumba?

Siku ya nne ya kimya hicho tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza, bila kuinua uso:

"Mama, kama Mama Feza ni mubaya, sababu gani njo sisi tuliiba?"

Nilisukuma ungo kando, nikafunga kitambaa changu, nikamwita Amisi.

"Twende," nikasema.

"Wapi?"

"Sokoni."

Nilijaribu kupanga maneno, yakatawanyika. Soko lilikuwa limejaa kwa sababu boti lilikuwa limefika, abiria wanatafuta chakula. Mama Feza alikuwa kwenye nafasi yake, pande zote mbili wazi, wenzake wamejisogeza mbali. Aliponiona alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Nadhani alidhani nimekuja kumwaga.

Nikaketi chini mbele yake. Nikasema, "Nipe kwanga moja."

Hakusogea. Nikaichukua mwenyewe, nikafungua majani, nikakata, nikala. Nikakata tena, nikampa Amisi, akala, na mtoto yule hana adabu akanyoosha mkono kutaka nyingine. Nikasimama, lakini nilipofungua kinywa sauti haikutoka, Mama. Ilikatika. Nilisimama pale mbele ya watu kama mjinga, machozi yananitoka, na kwanga mkononi.

Zaina ndiye aliyesema.

"Mama Feza hakutupa mihogo. Hakutuona. Njo mie nilichukua, ndani ya maji, na nilichoma, nilipa Amisi. Haikuwa imeiva na nilijua."

Alisema kwa nguvu, wale wa mbali wasikie. Kisha akasogea karibu na beseni na kuinamisha kichwa, kama anayengoja kofi.

Mama Feza hakumpiga. Lakini hakunikumbatia wala kusema yamekwisha, kama nilivyokuwa nikiota njiani. Alinitazama mimi, si mtoto.

"Mama Zaina, mutoto wako aliiba mihogo mbili, ni mutoto. Weye mukubwa, siku zote hizi ulikuwa unakula mayai ya watu, unaniangalia tu."

"Ndiyo," nikasema.

"Lipa kwanga yangu."

Nikalipa. Abiria mmoja wa boti ambaye hakujua habari zetu alikuja kununua, kisha mwanamke mmoja wa kwetu, kwa aibu, akanunua ndogo. Tukaondoka. Jana nilipokwenda kijitoni niliona vikapu viwili vimerudishwa chini karibu na cha Mama Feza. Viwili tu. Changu ni kimoja.

Sasa nafika mahali pagumu. Nilikuwa sijamwomba Baba Zaina ruhusa wala kumwambia nakwenda. Jua lilikuwa bado halijatua Kalonda alipoingia uwanjani kwetu, na nyuma yake nusu ya mtaa imejipanga kwenye ua. Baba Zaina alikuwa amesikia kila kitu bandarini na alikuwa hajasema nami neno. Alisimama, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Sitwayeni Sefu," Kalonda akasema, kwa lile neno la Chama la kumwita mwananchi. "Watu walisema bibi yangu anaua watoto. Weye ulijua hana kosa?"

Mama, ilikuwa rahisi. Angesema hapana. Angesema nimesikia leo kama ulivyosikia wewe, wanawake ndio waliojua, na nani angembishia? Mimi nisingembishia. Nilikuwa namwomba Mungu aseme hapana. Zaina alikuwa amesimama kati ya baba yake na mlango, anaangalia mdomo wa baba yake. Si uso wake; mdomo.

Baba Zaina alimwona anavyomwangalia. Akajifuta nyusi kwa mkono.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kule hospitali."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Roho ilikuwa inaniuma sababu ya yale majani."

Watu kwenye ua walipiga makofi ya mshangao. Nadhani hata Kalonda hakulitegemea jibu hilo na hakuwa na hotuba yake tayari. Kisha akasema kwamba mtu anayeacha uongo uharibu jina la nyumba ya kiongozi wa selile ni lazima ajieleze ofisini. Baba Zaina akavaa shati lake, akaniambia neno moja tu, nimfunikie ule mguu wa kiti usinyeshewe, akaenda nao.

Yuko kasho mpaka leo. Wengine wanasema atatoka Alhamisi, wengine wanasema watamweka mpaka mkubwa wa mji arudi safarini, na wengine wanasema kazi ya bandarini ameshapewa mtu mwingine. Silali. Kila nikisikia miguu nje nadhani ni habari. Na hasira ninayo pia, nisikufiche: namwonea hasira yeye kwa kusema kweli siku ile, na jana yake nilimwonea hasira kwa kutoisema. Mtu kama mimi utamsaidiaje?

Ila nikueleze la leo asubuhi, kisha nimalize, karatasi inaisha. Nilimpelekea chakula na Zaina alibeba kopo la chai. Mlangoni pa kasho palikuwa na askari mnene, amekaa kwenye ngoma ya mafuta, anatafuna karanga. Akamwuliza Zaina kwa kumtania tu, kama Kalonda siku ile:

"Na weye, baba yako alifanya nini?"

Niliubana mkono wake. Mama, nakuapia, niliubana kwa nguvu, na bila neno nilikuwa namwomba anyamaze, tafadhali, aseme hajui, mara hii moja tu. Aliuhisi. Aliniangalia, na nikaona anaelewa kabisa ninachomwomba. Nikauachia mkono wake. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuuachia.

"Alikawia kusema kweli," akamwambia askari.

Askari aliacha kutafuna. Mle ndani, nyuma ya mlango wa mabati, nilimsikia baba yake anakohoa, kisha anacheka, kisha hacheki tena, na nikajua analia. Tulipewa ruhusa ya kupitisha chakula. Chai ilikuwa imeshapoa.

Sasa swali langu ndilo hili, na Asumani usome vizuri. Ulipotulea sisi, ukituambia tusiseme uongo, na Baba yetu naye alikuwa na watu wa kumwogopa kama tulivyo nao sisi, je, uliogopa hivi? Ulipotuona tunafungua kinywa mbele ya wakubwa, ulitaka kutuziba mdomo? Kama ulitaka, niambie. Nitajua kwamba si mimi peke yangu, na nitalala.

Nisalimie shangazi mkubwa wa upande wa Baba, mwambie miguu aikande kwa maji ya moto. Msalimie mjomba fundi cherehani na wake zake wote wawili, kwa zamu, wasigombane. Salamu kwa mke wa Asumani na mimba yake, kwa dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya soko, na kwa yule jirani mwalimu wa chuo aliyetusomesha alifu kwa kijiti; mwambie atuombee dua, hasa kwa aliye ndani. Barua hii inakuja na mkono wa mtu, si posta. Mpeni chakula, amesafiri na habari nzito bila kujua.

Mimi mtoto wako, niliye mbali na mkono wako,

Mariamu, mama Zaina